Kiti cha Kushoto

Nilikuwa nimetumwa tofu, ile jibini laini ya soya. Mama mkwe hali chakula cha jioni bila tofu, na lazima itoke kwa yule muuzaji wa kule chini bandarini, si ya dukani. Jua lilikuwa linazama nyuma ya visiwa, saa ambayo wazee wetu hawapendi mtu kuitwa jina barabarani.

Ndipo nikaitwa.

"Wifi! Wifi Kinue! Njoo uone!"

Alikuwa Chizuru, dada wa mume wangu. Ameketi ndani ya gari dogo jekundu la viti viwili, paa limekunjwa nyuma, nywele zimevurugwa na upepo, anacheka kama msichana wa shule. Mtu wa miaka hamsini na ushee!

"La nani?" nikauliza, ingawa moyo ulishajua.

"Langu. Jipya. Hebu nusa viti."

"Umeshinda bahati nasibu?"

"Bahati nasibu wapi! Yen milioni mbili na laki nane. Ningenunua la sanduku kama lenu ningelipa karibu hizo hizo, na upepo nisingeupata."

Hapo ndipo iliponichoma. Angenunua gari la kitajiri nisingeumia. Ningesema hayo ni ya wenye nacho, nikajiendea na tofu yangu. Lakini lile lilikuwa la bei nafuu. Mimi na Chizuru tunafungua chaza kiwandani kwenye meza moja, visu sawa, mshahara sawa. Bei aliyoiweza yeye, na mimi niliiweza. Ila mimi nina mume, Tetsuo, anayeamini gari ni la kubebea magunia ya ndimu. Na nina mama mkwe wa kumwingiza bafuni na kumtoa. Mama mzazi wa nani? Wa Chizuru.

Na gari la namna ile nimelitaka tangu nikiwa msichana. Chizuru analijua hilo.

"Kiti hiki cha kushoto ni chako," akasema akikipigapiga. "Jumapili nakupitia. Tutazunguka pwani mpaka uchoke mwenyewe."

Jumapili hakuja. Wala iliyofuata. Nilimwona akipita juu ya barabara ya majabali, paa wazi, na kwenye kile kiti cha kushoto ameweka mkoba.

Mkoba!

Kiwandani nikawa nasema gari lile si lolote. Mvua ikinyesha litavuja. Kwa bei ile lazima kuna kitu wamepunja. Wenzangu wakacheka, wakasema, "Kinue, mbona unaliongelea wewe kuliko mwenye nalo?" Nyumbani nikisugua mgongo wa mama mkwe nilikuwa naitaja ile bei moyoni. Si nyingi. Si nyingi hata kidogo...

Ndipo ukaanza ule usingizi.

Kila jioni, nikishamwogesha mama mkwe, nilikuwa najinyoosha kidogo kwenye mkeka. Nalala kama nimezimwa. Nikiamka, mashavu ni ya baridi. Nywele zimesokotana hata kitana hakipiti. Siku moja nilikuta sindano ya msonobari, lile jani lake jembamba, ndani ya ukosi, na kwetu hakuna msonobari. Misonobari iko kule juu majabalini.

Mama mkwe alikuwa ananitazama kutoka kitandani kwake.

"Umerudi?" akanong'ona.

"Nirudi kutoka wapi, mama? Nilikuwa nimelala."

"Haya." Akageukia ukutani. "Leo umechelewa."

Akili zimemchoka, nikajiambia. Nikaenda kupika mchuzi.

Chizuru naye akaanza kubadilika. Akakonda. Akajikata kidole kwa kisu cha chaza, yeye ambaye hajajikata tangu tuanze kazi. Wakati wa chai akanivuta nyuma ya mapipa ya barafu.

"Wifi, gari lenu... abiria asipofunga mkanda, si linalia?"

"Magari yote yanalia."

"Langu linalia nikiwa peke yangu."

Nikajifuta mikono kwenye aproni.

"Jioni tu," akanong'ona. "Nikifika majabalini, taa ya kile kiti inawaka. Ting... ting... ting... Kiti kimehisi uzito, wifi. Nimeondoa mkoba. Nimeondoa hata mto. Bado kinahisi uzito."

"Ni ubovu. Si nilisema, kwa bei ile—"

"Na harufu."

"Harufu gani?"

"Chaza."

"Itakuwa mikono yako."

"Mimi naendesha na glavu." Akaangalia nyuma. "Juzi kuna mkono ulishika usukani juu ya wangu. Wa baridi. Haukuwa na nguvu. Ulikuwa unajaribujaribu, kama wa mtu anayejifunza kuendesha. Kidogo tu tungekuwa baharini."

Nilimwonea huruma, kweli. Lakini chini ya ile huruma nilisikia raha, na raha ile ilinitisha kuliko mkono.

Gari lilipokuwa jipya alikuwa amelipeleka hekaluni, kama tunavyofanya sote, kuhani akalipungia fimbo yake ya karatasi nyeupe na kumpa hirizi ya kutundika kwenye kioo. Sasa akalirudisha. Nilikuwa nimelala jioni hiyo. Usiku akaja kwetu, akakaa ukingoni mwa kibaraza bila kuvua viatu.

"Hakumaliza," akasema. "Aliishusha fimbo katikati ya dua. Amesema hakuna mzimu wa kufukuza. Aliyekaa humo ni mtu hai. Mwili wake unalala mahali, roho inatoka inakuja kukaa inapopatamani. Na ikizoea kutoka, kuna siku haitarudi."

"Ni nani?"

Chizuru akanitazama. Akanitazama mpaka nikazikumbuka nywele zangu, nikazifunika kwa kiganja.

"Amesema hanichukii," akajibu polepole. "Analitaka gari tu."

Kisha akaweka ufunguo kwenye mbao, katikati yetu.

"Milioni moja, wifi. Lichukue. Niacheni nilale."

Gari ambalo halijamaliza mwaka! Mtu mwenye haya angemrudishia ufunguo wake. Mtu mwenye haya angepiga magoti aombe radhi.

"Laki tisa," nikasema.

Tetsuo alipopata habari alifoka kwamba tumerogwa wote wawili. Kisha akauliza bei. "Laki tisa? Kweli?" Akatoka kwenda kulizunguka, akipiga tairi kwa kidole cha mguu.

Nilifurahi, siwezi kuficha. Ule usingizi ukaniacha siku ile ile. Jioni nilikuwa napanda majabalini na mwili wangu, na nywele zikivurugika, zilivurugwa kihalali. Siku moja nilimkalisha mama mkwe kwenye kiti cha kushoto, nikamfunga mkanda na blanketi. Alicheka njia nzima, ufizi wazi, akipungia mikono maboya ya mashamba ya chaza kule chini baharini. Tulipofika nyumbani akanishika mkono.

"Huyu mwenzako," akasema, "naye amelipenda."

Sikumwuliza ni nani.

Chizuru akawa haishi kuja kwetu. Anakuja na ndimu, anakuja na kachumbari, anakuja bure. Kila akiingia anapitisha kiganja juu ya boneti kwanza, kama mtu anayepapasa farasi wake.

"Sijutii," akasema siku moja, na hakuna aliyekuwa amemwuliza. Halafu sauti ikampanda. "Ila laki tisa, wifi! Ulinionea. Laki tisa!"

"Si uliuza mwenyewe?"

"Niliuza kwa hofu. Na hofu ile ilitoka wapi?"

Nikajitia kuosha mchele.

Jioni iliyofuata nilikuwa majabalini, paa wazi, bahari ina rangi ya chuma. Simu ikaita, sauti ya Tetsuo ikatoka kwenye spika za gari.

"Uko wapi? Chizuru yuko hapa. Alikuja kukuulizia, akasema ajinyooshe kidogo mkekani. Sasa namwita haamki. Wa baridi, Kinue."

"Mtikise."

"Mama hataki. Anasema tusimguse." Akashusha sauti. "Anasema tumsubiri arudi."

Simu ikakatika. Pale juu mawasiliano hukatika.

Ting.

Taa nyekundu ya kiti cha kushoto.

Ting... ting...

Sikugeuza shingo. Harufu ya chaza ikapanda, nzito, na mimi mikono yangu nilikuwa nimeisugua kwa ndimu.

"Wifi," nikanong'ona. "Ni wewe?"

Baridi ikashuka juu ya vidole vyangu. Mkono huu haukuwa wa kujaribujaribu. Uliijua barabara. Ulipunguza gia kabla ya kona, laini, kama Chizuru anavyopunguza... kisha ukaushika usukani na kuuvuta kuelekea baharini.

Nilikanyaga breki kwa miguu yote miwili.

Gari lilisimama ubavu ukiwa umegusa reli. Chini, mawimbi. Taa ikazimika yenyewe.

Nilipoingia nyumbani Chizuru alikuwa ameamka, anakunywa chai, anachana nywele zake. Kitana kilikwama. Akakivuta, na sindano ya msonobari ikaanguka kwenye mkeka. Wote wawili tuliiona.

"Ulifurahi, wifi?" akauliza.

"Sana."

"Ile kona ya jabali lililopasuka," akasema, macho kwenye kikombe, "usiingie na gia ya tatu."

Sikuwa nimemwambia mtu yeyote ni kona gani.

Tangu hapo amenibembeleza nimrudishie kwa laki tisa zile zile, akafika milioni moja, akafika milioni na nusu. Tetsuo anasema niuze haraka kabla hajazinduka. Mama mkwe anatutazama tu kwa zamu, mmoja akiwa mkekani na mwingine akiwa mlangoni.

Siuzi. Kwa bei ile sitapata jingine. Jioni kabla ya kuwasha injini naufunga mkanda wa kushoto mimi mwenyewe, juu ya kiti kitupu. Sasa taa haiwaki, wala hakuna ting.

Kwa hiyo sijui tena lini niko peke yangu.