Wake Wawili, Kopo Moja la Dawa

Ngojeni niwaambie, kabla nisahau hata kidogo! Mama na mama mdogo wamenikubalia niwasimulie habari yao.

Kwetu Rangwe tuko na mama wawili. Mama yangu ni Truphena. Mke wa pili wa baba ni Mourine, ndiye namwita mama mdogo. Watu hudhani wake wenza ni wa kupigana tu. Hawa wetu hushona sare za shule kwa veranda moja. Wanagawana chumvi, makaa, hata viatu vya kanisa.

Wote wawili wanaishi na virusi vya HIV. Kila mmoja humeza dawa yake kila siku.

Mwaka huu mama mdogo alienda matanga kwao Oyugis. Akakaa wiki tatu. Dawa ikaisha, na siku yake ya kliniki ikapita. Aliporudi, akaogopa kwenda.

"Watanigombeza mbele ya watu," alisema. "Na vile niko na mimba!"

Mama akafungua kopo lake. "Nyieka, usilie. Leo nameza mimi, kesho unameza wewe."

Nyieka ni mke mwenza kwa Kijaluo. Aki ya Mungu, ulikuwa upendo. Lakini pia lilikuwa kosa.

Miezi miwili ikapita. Mama akapimwa damu. Zamani virusi vyake vilikuwa vichache mpaka mashine haivioni. Sasa vimepanda! Sista Bosibori wa kliniki akaja nyumbani, akakaa kwa stuli.

"Truphena, unameza dawa kila siku?"

Mama akainamia shati ya sare aliyokuwa anashona. Cherehani ya mama mdogo ikasimama.

"Sista, ni mimi," mama mdogo alisema. "Nilikula dawa zake. Nimeua nyieka wangu na mtoto wangu?"

"Hakuna mtu amekufa hapa. Nipe hiyo shati. Mkikata sare nyingi, mnapimia nini?"

"Paterni ya karatasi," mama akajibu.

"Na mkikosa paterni? Ya pili mnapimia ya kwanza, ya tatu mnapimia ya pili?"

Mama akacheka. "Ya mwisho mkono mmoja utafika magoti!"

"Basi virusi viko hivyo. Vinajikopi haraka haraka, na havikagui kazi yao. Kila siku vinakosea. Makosa mengi yanaviharibu vyenyewe. Lakini siku moja kosa moja linageuza kirusi kidogo tu, na dawa inashindwa kukishika."

"Kwani dawa ndiyo inakifundisha ujanja?" nikauliza.

"Hapana. Makosa yanakuja yenyewe, hata bila dawa. Ukimeza kila siku, virusi haviwezi kujikopi, kwa hivyo havipati nafasi ya kukosea. Ukimeza leo na kesho uruke, vinaanza tena. Halafu dawa ikirudi, inazuia vile vya kawaida. Kile kimegeuka kinabaki, kinazaa vingine kama chenyewe."

Mimi nilisoma hayo yote college, nikapita mtihani. Lakini nilielewa siku hiyo, kwa shati!

Mama mdogo akashika tumbo. "Na huyu?"

"Ukimeza dawa yako mwenyewe kila siku, virusi vikishuka, ana nafasi kubwa ya kuzaliwa bila virusi. Lakini tusikawie. Twende leo."

"Watanigombeza?"

"Wataanza na mimi."

Mama alikuwa anafuta machozi. "Sista, mi nilidhani namsaidia."

"Ulimsaidia na moyo. Sasa msaidie na miguu. Mpeleke."

Wakaenda wameshikana mikono, na uzi bado kwa nguo. Hakuna mtu alimgombeza. Mama mdogo akapewa kopo lake. Waliambiwa, ukienda matanga, beba dawa. Ikiisha, ingia kliniki yoyote iliyo karibu, useme ukweli.

Baada ya miezi mitatu, damu ya wote wawili ikapimwa tena. Virusi vimeshuka, mashine haivioni! Mama alipiga kelele mpaka kuku wakakimbia.

Mtoto amezaliwa, msichana, mnono huyo! Alipofika wiki sita akapimwa: hana virusi. Anapewa dawa ya kumlinda, na atapimwa tena mpaka amalize kunyonya.

Sasa kila asubuhi simu ya mama inalia saa moja. Makopo mawili yanatoka, kila mtu na lake. Mama anameza, anampa mwenzake maji yaliyobaki. Kikombe bado ni kimoja.