Boriti ya Njia Panda

Kila alipofika njia panda, Keziah Pruitt alishuka farasini, akachomoa boriti kwenye ua wa mkulima, akailaza mbele ya njia isiyofaa. Baba yake, Jethro, aliyefuata nyuma na gari la sarakasi, akiiona alijua pa kupita.

Asubuhi ile ya Novemba, huko Ohio, mkono wa Keziah ulikuwa umeshaishika boriti mbwa alipomrukia. Akapanda farasi, akatimua mbio. Baba atafuata nyayo, alijiambia. Mvua ikazifuta.

Aliporudi kumtafuta, alilikuta gari limepinduka katikati ya kinamasi. Farasi wawili walikuwa wamezama wakiwa bado wamefungwa garini. Ekseli ya magurudumu ilikuwa imeubana mguu wa Jethro, mguu ambao kwa miaka thelathini ulisimama juu ya farasi wanaokimbia.

"Mkulima mwanaharamu kaihamisha boriti yetu," alisema Jethro, meno yakigongana. "Nikitoka hapa nitamtafuna mbichi."

Keziah alifunga kamba kwenye ekseli, akamvutisha farasi wake. Ekseli haikusogea. Alimpiga, akamvutisha tena, mpaka yule mnyama akapiga magoti kwenye tope na hakuinuka.

"Maji yamefika wapi?"

"Palepale, baba."

Yalikuwa yamempita kiuno.

Akavunja sanduku, akatoa tarumbeta ya kuitia watu kwenye maonyesho. Alipuliza mpaka midomo ikapasuka. Msitu ulikaa kimya.

"Huo ni wimbo wa kumkaribisha tembo uwanjani," Jethro alisema kwa shida. "Na tembo hatuna, mwanangu."

Kisha akafumba macho. Keziah alikishika kidevu chake juu ya maji kwa mkono mmoja, akaishika tarumbeta kwa mwingine, akapuliza.

Alasiri, mbwa alibweka. Keziah alimtambua kabla hajamwona. Nyuma yake alikuja mkulima na maksai wawili na mnyororo.

Gari lilipoinuliwa, mguu ulitoka mweusi, umegeukia nyuma. Mkulima aliutazama, akavua koti lake, akamfunika mzee.

Jethro alifumbua macho, akamkamata shati. "Ni wewe! Umeihamisha boriti yetu!"

"Boriti gani, mzee?"

Jethro akamtemea damu na tope. Mkulima alijifuta, akaendelea kumfunga mguu.

"Baba, mwachilie," Keziah alisema. "Hakuihamisha. Mimi sikuiweka. Niliogopa mbwa, nikakuacha."