Mvumo Chini ya Sauti ya Malkia

Malkia alimsubiri mtoto amalize kusema. Hilo ndilo lililomfanya Pamba aache kukunja nguo, shati la mumewe likabaki linaning'inia mkononi.

Mtoto mwenyewe hakuona ajabu yoyote. Alikuwa amekaa sakafuni mbele ya runinga, akicheza huku akimweleza malkia wa mchezoni jinsi mwalimu wa hesabu alivyokalia benchi lenye rangi mbichi. Jina lake la shuleni lilikuwa refu na zuri, lakini nyumbani aliitwa Chiriku, kwa sababu tangu ajue kutamka hakuwahi kufunga mdomo ila kwa kulala na kutafuna, na hata kutafuna hakukumzuia sana. Nyuma ya mlango wa shaba malkia alisema, "Karibu, msafiri. Nimekungoja." Chiriku akaingilia kati na habari za mwalimu, na malkia akanyamaza. Habari zilipokwisha, malkia akaendelea, "Mlango huu haufunguki kwa mkuki."

Mchezo wa video haumsubiri mtu. Pamba alilijua hilo vizuri, maana sentensi zile alizipanga yeye. Alikuwa fundi wa sauti katika kampuni iliyoufufua mchezo huo wa zamani, na wenzake walimwita Pamba kwa kuwa alitembea barabarani na pamba masikioni, akiyalinda kama watu wanavyolinda mikoba sokoni. Kati ya sentensi ya kwanza na ya pili aliacha nafasi ya kumeza mate tu. Leo nafasi hiyo ilikuwa imetosha kisa kizima cha mwalimu, benchi na suruali.

"Umeusimamisha mchezo, mwanangu?" aliuliza.

"Hapana, Mama. Huwa ananisikiliza."

Mumewe alikuwa mezani, akiandika. Alikuwa mhakiki wa michezo ya video gazetini, kazi ambayo mama mkwe wake aliiona kuwa njia ya heshima ya kukaa bila kazi. Safari hii alikuwa akihakiki mchezo uliopita mikononi mwa mkewe, jambo ambalo mhariri hakuambiwa. Mwamba ngoma huvutia kwake, na yeye hakuona sababu ya kuivutia kwa jirani.

"Sikiliza, Mama Chiriku," alisema, akaanza kusoma. "Wale tuliokua tukicheza Jiji Chini ya Kisima tunakumbuka mashujaa wenye nyuso kama viazi vilivyochemshwa, na kila mlango uliotungojesha mpaka chai ikapoa. Toleo jipya limeyatibu yote. Maji yanameta, mkuki unatii mkono, mazimwi yana nywele zinazopepea. Lakini uzuri mkubwa uko masikioni. Ule mvumo uliokuwa chini ya kila neno la malkia, kama jokofu bovu chumba cha pili, umeondolewa wote. Sauti yake sasa ni maji ya mtungi."

"Na ubaya?"

"Ubaya ni kwamba ramani inaonyesha kila kichochoro, mtu hapotei tena. Maadui wamekuwa wazembe. Zamani tulicheza tukiwa tumejikunyata, sasa tunatazama tu mapambo. Nimemalizia hivi: walioufufua mchezo huu wamesahau kuufufua woga wake."

Pamba alicheka kidogo, kwa adabu ya ndoa. Ule mvumo ulikuwa umemtoa jasho. Kwa kawaida fundi hutafuta mahali penye uchafu mtupu, huufundisha mtambo uutambue, kisha mtambo huuchuja kila unapoukuta. Mvumo huu haukutaka kukamatika. Ulipanda, ukashuka, ukakatika, ukaanza tena. Aliufuata sentensi kwa sentensi mpaka akaumaliza, na hakuna hata mara moja alipokaa akausikiliza wenyewe. Fundi wa sauti husikiliza anachobakiza, anachokitupa hakimhusu. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake, na ni kosa ambalo mtu asiye fundi asingeweza kulifanya.

Kicheko ndicho kilichotangulia kwenda. Walikuwa mezani mchana, baba akamwiga mama mkwe anavyokagua vumbi kwa kidole, na Chiriku akaangua kicheko: mdomo ukafunguka, mabega yakatikisika, machozi yakamtoka, lakini hapakuwa na sauti. Sauti ilitoka sebuleni. Kicheko chake chenyewe, chenye ule mkwaruzo mwishoni, kilisikika kutoka kwenye runinga iliyozimwa, na pamoja nacho ikaja harufu ya maji yaliyolala muda mrefu, iliyochanganyika na marashi ya maua.

Baba aliinuka, akaichomoa runinga kwenye umeme, akarudi kukaa. Mkono wake ulitafuta kijiko ukakikosa.

Baada ya hapo maneno yakaanza kumtoka mtoto kama meno ya utotoni, moja moja. Alipoteza "maji", akawa anaonyesha kikombe. Alipoteza jina la rafiki yake wa shuleni, kisha majina ya siku, kisha "Baba". Walimu, ambao hapo mwanzo walimshukuru Mungu kwa utulivu darasani, waliwaita wazazi. Daktari alimulika koo, akasema ni zima kabisa, labda mtoto anadeka. Na kila neno lililomtoka Chiriku lilisikika sebuleni siku ileile, likitamkwa polepole, likirudiwarudiwa, kama mtu anayejaribu kiatu kipya mbele ya kioo. Baba aliibeba runinga akaitupa jalalani. Maneno yakaendelea kutoka ukutani, pale ilipokuwa imening'inizwa.

Pamba alikwenda kazini akafungua mkanda wa asili, ule wa miaka mingi kabla mwanawe hajazaliwa, kama kampuni ilivyoupokea. Alivaa vipokea sauti masikioni. Mvumo ulikuwepo, mzito, kila mahali. Kwa mara ya kwanza aliacha maneno ya malkia yapite, akausikiliza wenyewe, na nywele za mikono zikamsimama, kwa sababu ule mvumo ulikuwa unavuta pumzi. Alikuwa mwanamke. Alikuwa amefumba mdomo, anaimba puani, wimbo mmoja usio na maneno, bila kupumzika, kama mtu anayembembeleza mtoto wa mwenzake aliyemkabidhi kwa muda akachelewa kurudi.

Aliuliza huku na huko mpaka akaelekezwa kwa mzee aliyerekodi sauti za mchezo ule zamani. Alimkuta anaishi chumba cha nyuma ya karakana ya mafundi cherehani, na cherehani zikinguruma kutwa upande wa pili wa ukuta wa mbao.

"Kelele hizi hazikusumbui, Mzee?" Pamba aliuliza baada ya salamu.

"Zikinyamaza ndiyo nasumbuka." Alimtazama. "Wewe ndiye uliyemsafisha yule malkia."

Pamba aliitikia kwa kichwa. Aliogopa kuuliza, akauliza hivyo hivyo. "Malkia aliigizwa na nani?"

"Hakuna." Mzee alinong'ona, ikabidi Pamba amsogelee. "Tulikuwa hatujampata mwigizaji. Asubuhi moja nikafungua mkanda mtupu, nikamkuta humo, anasema maneno yaliyoandikwa, vizuri kuliko ambavyo mtu angeweza. Vijana tulikuwa na haraka, tukamtumia. Halafu akaanza kusema yasiyoandikwa. Akaanza kusema kwa sauti yangu, mwanangu, na mimi nikawa bubu siku nzima nzima. Mama yangu alikuja studio kuniletea chakula, akamsikia. Hakuuliza kitu. Alikaa kwenye kiti, akafumba mdomo, akaanza kuimba. Yule ni jini, na jini hupenda ukimya, hapo ndipo anapoingilia. Mama hakumpa ukimya. Tulirekodi upya kila sentensi huku anaimba, sauti na sauti zikashikana humo mkandani kama kamba. Watu waliponunua mchezo wakalalamikia mvumo. Tukasema ni ubovu wa vyombo, basi yakaisha."

"Nitaurudisha. Mkanda ninao."

"Ulishawaachanisha. Ukimrudishia mvumo sasa, ni kama kumfunga mbwa kwa kivuli cha kamba." Aligeukia ukuta wa mbao. "Mama yangu alirudi nyumbani akiwa bado anaimba. Aliimba mpaka alipokufa. Sikumsikia tena akisema neno, hata la kuniaga."

"Na jini?"

"Alikaa kimya. Nilidhani imetosha."

Pamba alijaribu hata hivyo, kwani nani asingejaribu. Alirudisha mvumo chini ya sauti, akacheza mkanda huo nyumbani kwa spika kubwa. Kutoka ukutani Chiriku alicheka, kicheko kirefu cha furaha, wakati Chiriku mwenye mwili amekaa kwenye kochi anakizuia kidevu chake kwa mikono. Pamba alimpigia simu mkurugenzi wa kampuni, akamwomba waondoe mchezo sokoni. Mkurugenzi alimsikiliza kwa upole, akamwambia achukue likizo. Kila mhakiki alikuwa ameisifu sauti, alisema, na akamsomea sentensi ya mumewe ya maji ya mtungi.

Mhakiki mwenyewe alikuwa amesimama pale mlangoni, akasikia. "Mama Chiriku," alisema, "nilichoandika..." Alikaa chini palepale mlangoni, akalia bila kujificha.

Neno la mwisho kumtoka Chiriku lilikuwa "Mama". Lilimtoka asubuhi, akiwa ameshika mswaki. Pamba alimwona anafungua mdomo kumwita, anafunga, anafungua tena, na kutoka ukutani, kwa sauti safi isiyo na vumbi wala mwangwi, sauti ambayo yeye Pamba alikesha akiisugua mpaka ikang'aa, akasikia "Mama, Mama, Mama", na harufu ya maji yaliyolala ikajaa nyumba nzima, ikaingia kwenye taulo na kwenye mkate, na mtoto akaanza kutembea kuelekea sebuleni, taratibu, kama mtu anayekwenda kuchukua kitu chake, akaweka shavu ukutani, na ukuta pale aliposhika ukawa na unyevu, ukalegea, vidole vikaanza kuzama.

Pamba alimkumbatia kwa nyuma, akafumba mdomo, akaimba.

Aliimba ule wimbo usio na maneno, kama alivyousikia mkandani. Ukuta ulikakamaa. Sauti ya ukutani ilikwama katikati ya neno. Na Chiriku, vidole vyake vyote vikiwa salama, aligeuka akasema, "Mama, mdomo wangu una dawa ya meno."

Baba alikuja mbio akapiga magoti, akamwambia mtoto aseme kitu kingine, chochote. Chiriku hakuhitaji kuombwa mara mbili. Alisema yote yaliyokuwa yamezuilika: rafiki yake ana paka mpya, daktari ana mikono ya baridi, malkia hana uso na si mbaya sana ila ana upweke. Alisema mpaka koo likakauka, akanywa maji, akaendelea. Pamba aliimba machozi yakimtiririka, akivuta pumzi kwa pua haraka haraka. Kila alipovuta, ukutani kulisikika kijisauti cha mtu anayeanza kusema.

Baba alijaribu kumpokea. Aliimba kwa moyo wote, lakini alipoanza tu, Chiriku alinyamaza katikati ya neno, na mkewe ikabidi arudie kuimba. Walihamia kwa mama yake Pamba, na ukuta wa kule nao ukaanza kutoa harufu. Basi wakarudi nyumbani, na maisha yakawa hayo. Pamba aliimba akipika, akifua, akimsuka mtoto nywele. Alilala vipande vipande, mumewe akiwa macho kumwamsha mara sauti ya mtoto inaposikika ukutani. Alikula kwa matonge madogo. Chiriku alikuwa amerudishiwa maneno yake yote, na mama yake hakuwa na hata moja la kumjibu. Mtoto aliuliza kwa nini mwezi unamfuata mtu, akauliza kama Mama amemkasirikia, na jibu likawa mvumo uleule. Pamba alimbana kifuani ili asikie kwamba hakuna hasira, na alitamani, kuliko alivyowahi kutamani kitu, kumwambia neno "hapana".

Sauti yake ilianza kupasuka. Ilikwaruza, ikatoka na damu kidogo, ikarudi nyembamba kuliko jana. Mumewe alimchemshia maji ya moto, akampaka dawa shingoni, akaandika gazetini kwamba watu wasiununue mchezo. Mhariri aliikata aya hiyo. Wasomaji waliokuwa wamekwisha kuununua walikuwa wengi mno hata hivyo, na baadhi yao waliandika kuusifia, wakisema malkia ni msikivu ajabu na watoto wao wanatulia.

Alasiri moja mumewe alipitiwa na usingizi kwenye kiti, kichwa kikiwa kimeegemea dirisha. Pamba alikuwa kitandani na Chiriku, anaimba, na wimbo ulikuwa umebaki uzi. Mtoto alimtazama kwa muda mrefu. Aliyaona macho mekundu, na midomo iliyopasuka, na mshipa wa shingo ukirukaruka. Alikuwa mtoto mwenye huruma. Hilo alifundishwa na mama yake mwenyewe, zamani, kwa maneno.

"Umechoka sana," alinong'ona. Akanyoosha mkono, akaweka kiganja juu ya mdomo wa mama yake, kwa upole, kama mtu anavyozima mshumaa bila kutaka kuunguza kidole. Pamba alitikisa kichwa, akajaribu kukisukuma kile kiganja, lakini mikono ilikuwa haina nguvu, na ule uzi ukakatika.

"Pumzika, Mama," alisema Chiriku. "Sasa mimi..."

"...nitakuimbia," sentensi ikamalizikia sebuleni, safi, bila mvumo hata chembe, na mahali alipokuwa amelala mtoto palikuwa patupu, shuka limelowa maji.