Somo Alilolikosa Kokushubila

Jumamosi kwa kina Kokushubila haikuwa siku ya kulala. Kufikia saa moja asubuhi alikuwa amefagia uwanja, ameteka madumu mawili ya maji, na sasa anamsaidia mama yake, Vestina, kufunga mikungu ya ndizi. Mikungu hiyo ilikuwa ivushwe kwa boti hadi kisiwani Bumbire, ambako samaki ni tele lakini migomba ni ya kutafuta.

Kokushubila alikuwa na miaka kumi na miwili, yuko darasa la sita, na kichwa chake chepesi. Shida ni kwamba alijua hivyo, na alipenda watu wengine nao wajue.

"Upepo wa leo siupendi," mama alisema. "Ulikuwa unavuma, sasa umekufa ghafla. Na jua mbona halijatoka?"

Nyumba yao, upande wa Muleba, ilitazama ziwa, na jua walizoea kuliona likichomoza majini. Leo huko kulikuwa na giza tupu. Redio dirishani ikatangaza kwamba kimbunga kimejitokeza baharini, mashariki ya Madagaska.

"Yesu wangu! Kimbunga!" mama alishtuka. "Basi siendi."

Mtangazaji akaendelea, "Kwa upande wa Ziwa Victoria..." Lakini Kokushubila alikwishanyoosha mkono na kuizima redio, apate kusikika yeye.

"Mama, kimbunga hakiwezi kufika huku! Kile huzaliwa baharini, maji yakipata joto la nyuzi kama ishirini na saba. Mvuke unapanda, unakuwa mawingu, na hewa nyingine inakimbilia pale chini kujaza nafasi. Halafu mzunguko wa dunia unaifanya hewa yote ile izunguke. Ndiyo maana wanaoumia ni watu wa Madagaska na Msumbiji. Sisi tuko karibu mno na ikweta, na huku nguvu ya kuizungusha ni ndogo sana."

"Mwalimu Jovita ndiye amewafundisha hayo?"

"Ndiye. Juzi na jana."

Mama alitabasamu kwa fahari. Akaagiza pikipiki, mikungu ikapakiwa, akaondoka kwenda ufukweni. "Ukimwona Ishengoma mshukuru," alisema. "Senene wake walikuwa watamu sana."

Kokushubila aliinamisha uso. Yote aliyoyasema juu ya kimbunga yalikuwa kweli, ila neno "jana" lilikuwa uongo. Jana, Ijumaa, hakutia mguu darasani. Senene, wale panzi wa kuliwa, walikuwa wameshuka kwa wingi, naye alikuwa amezunguka majanini na chupa yake tangu umande haujakauka hadi mchana. Nyumbani akasema amepewa na Ishengoma, jirani na mwanafunzi mwenzake.

Haukupita muda Ishengoma akaja na daftari, maana Kokushubila alikuwa amemwomba amwazime.

"Mwalimu alikuulizia," alisema. "Nikamwambia sijui uliko. Usinitie tena kwenye mambo yako."

Kokushubila alifungua ukurasa wa Ijumaa. Juu kabisa paliandikwa: Dhoruba za Ziwa Victoria.

Alisoma amesimama. Usiku nchi kavu hupoa upesi, lakini maji ya ziwa hubaki na joto. Pepo za kutoka kandokando ya ziwa hukutana katikati yake, hewa yenye unyevu hupanda, na mawingu ya radi hujengeka usiku kucha. Alfajiri mara nyingi husukumwa magharibi, yaani Bukoba na Muleba. Mstari wa mwisho Ishengoma alikuwa ameupigia wino mwekundu: Ziwa letu halihitaji kimbunga cha baharini ili kuua watu.

Akainua macho. Lile giza la ziwani halikuwa mbali tena. Lilikuwa ukuta mweusi, chini yake maji yamegeuka rangi ya risasi, na ubaridi ukampiga usoni.

Alikimbia. Aliteremka kilima bila viatu, Ishengoma nyuma yake, huku akijiambia kwamba mama akifa, yeye ndiye aliyemtuma.

Boti ilikuwa imejaa. Mama alikaa mbele kando ya mikungu yake, na nahodha, Mzee Rutashobya, ameshika kamba ya kuwashia injini.

"Huyo hapo mtaalamu wetu!" abiria mmoja akacheka. "Vestina ametueleza yote. Kimbunga hakifiki huku!"

Kumbe maneno yake yalikuwa yametangulia, na kila aliyekaa ndani ya boti ile aliyaamini. Kokushubila alitamani ardhi immeze.

"Shukeni!" alipiga kelele. "Mama, nilikudanganya! Jana sikwenda shule, nilikuwa kwenye senene. Somo la jana ndilo lilikuwa la ziwa letu! Dhoruba inatoka kule, tazameni!"

Kicheko kilikatika. Mzee Rutashobya aligeuka, akatazama ziwa kwa muda, kisha akaiachia kamba.

"Waitu, ndugu zangu, shukeni," alisema kwa sauti ya chini. "Upesi."

Walikuwa bado wanaivuta boti mchangani dhoruba ilipowafikia. Mvua ilichapa, radi zikapasua juu ya vichwa vyao, na mawimbi yakaitupa mikungu ya Vestina huku na huko. Watu walijibanza kwenye kibanda cha dagaa. Ndipo Mzee Rutashobya aliposema, "Wale wavuvi, Kagaruki na mdogo wake, walitoka na mtumbwi mara tu Vestina alipofika. Waliuliza habari za redio, nikawapa maneno ya mtoto huyu."

Kokushubila alisimama mlangoni akilitazama ziwa, na hakuthubutu kumtazama mama yake.

Ilipofika saa sita mchana, mvua ikiwa imekatika, watu wawili walionekana wakitembea kwa shida ufukweni. Mtumbwi wao ulikuwa umepinduka. Walikuwa wameng'ang'ania dumu tupu hadi mawimbi yalipowatupa nchi kavu. Kagaruki alitetemeka hata hakuweza kushika kikombe cha chai, ikabidi Kokushubila amshikie.

"Nisamehe, baba. Somo la ziwa nililitoroka," alisema, machozi yakimtoka.

"Kunywesha chai unaweza," Kagaruki alijibu kwa taabu. "Jumatatu nenda shule."

Jioni mama aliweka bakuli la senene waliobaki mbele ya binti yake.

"Siwezi kuwala tena," mama alisema. "Kujua jambo nusu si kosa, mwanangu. Sisi wote tunajua nusu. Kosa ni kuificha ile nusu usiyoijua, watu wakakuamini na kupanda boti. Siku nyingine sema tu, 'Hapo sijui.' Neno hilo lingetuacha nyumbani sote."

Kokushubila alinyanyuka, akaiwasha redio, akaongeza sauti, na akasikiliza hadi mwisho.