Ala Isiyomeza Kitara cha Kihindi

Ulianza moshi. Ijumaa hiyo Bi Khairiya alifukiza udi chini ya kitara cha ukoo, upanga uliotundikwa ukutani, kumlisha jini aliyelala ndani yake, kama alivyofanya tangu aolewe, na moshi haukupanda. Ulitambaa sakafuni ukatoka mlangoni.

"Zahor," aliita, "mbona leo mwenyewe hali?"

 Mama yake alikuwa haoni, na Zahor alitegemea upofu huo. Kitara halisi cha Kiajemi, chembamba, kilichopinda kama mundu, alikwishampa Mzungu wa ofisini apate kibali cha duka hapa Temeke. Ukutani akatundika cha Kihindi, kipana, kilichopinda kidogo tu, chenye kisahani cha chuma kwenye mpini. Vyote si vimepinda? Jini atajuaje? Mpumbavu Zahor! Hata ala ya zamani, mfuko wa ngozi wa kuchomekea kitara, ilikikataa, akaiacha ikining'inia tupu.

Tangu Ijumaa hiyo, mchana kweupe, wateja wakiwa dukani, ilisikika kwaruu, kwaruu, chuma kikisugua ngozi kavu, kikijaribu kuingia na kugoma, na harufu ya damu mbichi ikatoka chumbani ikaenea kwenye magunia ya mchele, mpaka watu wakaweka bidhaa chini wakaondoka bila kuaga, na Zahor akabaki peke yake na aibu yake.

Ijumaa iliyofuata Bi Khairiya alisimama, akapapasa ukuta. Vidole vilipofika kwenye kisahani vilisita.

"Hiki si cha babu yako."

"Nisamehe, mama. Nilikitoa. Mzungu amekwisharudi nacho kwao."

"Basi hana pa kulala," alinong'ona. "Atakuja kulala kwako."

Zahor alilia kama mtoto. Mama akamfuta machozi kwa upindo wa kanga. "Kanichotee maji nitawadhe."

Aliporudi na ndoo, kwaruu ile ilikuwa imekoma. Bi Khairiya, aliyekuwa akitembea wima kuwashinda wakweze, alikuwa ameketi mkekani, mgongo umepinda kuanzia kiunoni hadi shingoni. Zahor aliujua mpindo ule, wa kitara cha babu yake.

"Mama! Umefanya nini?"

"Wewe una watoto wadogo; nimemwambia alale kwangu. Fukiza udi, mwanangu. Ana njaa."

Alifukiza. Moshi ulipanda mgongoni kwa mama yake, ukaingia shingoni, haukutoka.

Sasa kila Ijumaa anafukiza yeye. Akimaliza, mama humwambia ahsante. Zahor angeona heri amtukane.