Kiti cha Bibi Ndani ya Gari la Seremala

Mume wangu ni seremala. Mtaani wanamwita Msumari, maana akishika jambo, kumng'oa ni kazi. Mimi nashona nguo nyumbani. Tuna binti mmoja wa darasa la tano, na tuna gari dogo la mizigo. Mbele lina viti vitatu. Nyuma ni sakafu tupu ya kubebea mbao na makabati. Sisi watatu, viti vitatu. Tuliona mambo yetu yamenyooka.

Kisha mama yangu akaanguka, akavunjika nyonga. Alikuwa akiishi peke yake, mbali nasi. Alipotoka hospitali tulimleta kwetu. Tukampa chumba kilicho karibu na choo, na cherehani yangu ikahamia sebuleni.

Kila Jumamosi alitakiwa kwenda kliniki ya mazoezi ya mguu. Msumari ndiye dereva. Mimi lazima niwepo, kwa sababu mama hawezi kupanda wala kushuka bila kushikwa. Basi binti yetu akawa anaachwa kwa jirani. Kila tukitoka, mtoto anabaki mlangoni amenuna.

Mama aliliona hilo. Siku moja nilimkuta chumbani anakunja nguo zake.

"Mama, unakwenda wapi?" nikamuuliza.

"Nirudisheni kwangu, mwanangu. Gari lenu lina nafasi ya watu watatu, na ninyi mko watatu. Mtoto anaachwa nyuma kwa ajili ya mguu wangu. Nimekuwa mzigo."

Moyo uliniuma sana. Kule kwake hakuna hata mtu wa kumpa maji ya kunywa. Akirudi kule mguu haujapona, nani atamwinua?

Msumari alikuwa amesimama mlangoni. Yeye na mama mkwe wake wanaheshimiana mno, habishani naye hata kidogo. Aliondoka. Asubuhi yake nikasikia randa inalia karakanani.

Alitengeneza benchi. Sisemi kwa kuwa ni mume wangu, lakini lilikuwa benchi zuri. Mbao ngumu, lina egemeo na mahali pa kuweka mikono. Mimi nilishona mto wake. Akalifunga kwa skrubu kwenye sakafu ya gari, nyuma ya viti vya mbele. Akatafuta mkanda wa usalama kutoka gari bovu, akaufunga kwenye mbao za benchi.

"Tikisa," akaniambia.

Nikatikisa kwa nguvu zangu zote. Halikusogea.

Tukamwita mama, tukampandisha. Akaketi, akapapasa ule mto, machozi yakamlengalenga. "Mkwe wangu, umenitengenezea kiti cha enzi," alisema. Jioni alizirudisha nguo zake kabatini. Nilifurahi, acha tu.

Kesho yake jirani yetu mwingine alipita akitoka kazini. Ni mkaguzi katika kituo cha ukaguzi wa magari. Tunamwita Mama Breki, kwa sababu huyo hata kwenye harusi atauliza breki za gari la bwana harusi. Aliona mlango wa gari uko wazi, akachungulia.

"Hapa anakaa nani?" aliuliza.

"Mama mkwe," Msumari akajibu kwa fahari.

Mama Breki aliinama akatazama chini ya gari, kisha akagonga sakafu kwa vidole. "Skrubu hizi zimeshika nini?"

"Zimeshika plaiwudi ya sakafu."

"Plaiwudi peke yake? Hazikufika kwenye chuma cha gari?"

Msumari alikunja uso. "Dada yangu, mimi nimefunga makabati ukutani miaka yote hii. Hakuna hata moja lililoanguka."

"Sikatai. Lakini kabati lako halikimbii barabarani."

Nilicheka. Msumari akanikata jicho, nikanyamaza.

"Tusibishane," Mama Breki alisema. "Tafuta mifuko ya mchanga, uzito kama wa mama. Ifunge kwa mkanda kwenye benchi. Twende kwenye kiwanja kile kitupu, pasipo na mtu."

Tukafanya hivyo. Msumari aliingia peke yake, akafunga mkanda. Akaendesha taratibu, mwendo wa mtu anayekimbia tu, kisha akakanyaga breki kwa nguvu.

Tulisikia kishindo. Msumari akashuka, tukafungua mlango wa ubavuni. Mkanda ulikuwa bado umeishika ile mifuko, lakini benchi zima lilikuwa limeng'oka. Skrubu zilitoka na vipande vya plaiwudi. Pembe ya benchi ilikuwa imekita nyuma ya kiti cha katikati, ikakichana.

Msumari aliingiza kidole mahali palipochanika. "Hiki ni kiti cha mtoto," alisema. "Na juu ya benchi angekuwa mama."

Nilitaka kumfokea. Nilipomtazama usoni nikashindwa. Mume wangu alikuwa analia, na mimi pia.

"Msumari," Mama Breki alisema kwa upole, "upendo unao. Ulichokosa ni kuuliza. Gari likisimama ghafla, mtu bado anaendelea mbele. Mkanda unamzuia mtu, kiti kinazuiwa na bolti, na bolti zinashikwa na chuma cha gari. Kimoja kikiwa dhaifu, vyote ni bure. Na hiyo ilikuwa breki tu. Nguvu ya kugongana ni mara nyingi zaidi ya hapo."

"Basi nitafunga bolti mpaka kwenye chuma," Msumari akasema.

"Umeanza tena. Chini ya sakafu pengine pana bomba la mafuta. Ukitoboa ovyo, umewasha moto. Tena kadi ya gari lako inasema abiria wangapi?"

"Wawili na dereva."

"Basi ukimpakia wa nne, hata kwenye kiti cha dhahabu, umevunja sheria. Ikitokea ajali, bima wanaweza kukataa kulipa. Sheria hazifanani kila mahali, kwa hiyo anzia ofisini. Uliza kabla hujatoboa hata tundu moja. Kuuliza si ujinga."

Jambo gumu lilikuwa kumwambia mama. Msumari alichuchumaa mbele yake, akamweleza yote, hakuficha. Mama alisikiliza, kisha akasema, "Basi mwanangu, Mungu amesema nirudi kwangu."

"Hapana, mama. Nguo zako ziache hapo hapo kabatini. Nipe muda kidogo nilifanye jambo hili kwa njia yake."

Jumatatu alikwenda ofisi ya usajili wa magari na kadi mkononi. Walitazama aina ya gari na uzito linaoruhusiwa kubeba. Wakamwambia gari hilo linaweza kuongezwa kiti kimoja nyuma, kwa masharti, wakampa kibali. Kazi ifanywe na karakana iliyoidhinishwa, kisha gari likaguliwe.

Msumari alisimama kwenye karakana hiyo siku nzima kama mgeni anayesubiri chai. Fundi alimwonyesha kila kitu. Kiti kilikuwa kimetengenezwa kwa ajili ya gari la aina ile, kinatazama mbele, kina egemeo la kichwa. Alichagua mahali ambapo bomba la mafuta halipiti. Chini ya sakafu aliweka mabamba ya chuma, bolti zikapita humo. Mkanda ulikuwa wa kupita begani na kiunoni, nao umefungwa kwenye chuma cha gari.

"Na wavu huu wa chuma nyuma ya kiti ni wa nini?" Msumari aliuliza.

"Wewe hubeba mbao," fundi akasema. "Ukikanyaga breki, mbao nazo zinataka kwenda mbele. Zisimkute bibi kisogoni."

Mkaguzi mwingine alilikagua gari, si Mama Breki, maana yeye alisema hawezi kumkagua jirani yake. Lilipita. Kadi ikabadilishwa: abiria watatu na dereva. Msumari akawapelekea bima nakala siku hiyo hiyo. Kazi yote ilichukua majuma kadhaa, na kila Jumamosi binti aliendelea kuachwa kwa jirani, na mama kila siku aliuliza kama bado anatusumbua.

Jumamosi ya kwanza baada ya hapo tuliondoka wote wanne. Nilimfunga mama mkanda mwenyewe, nikauvuta kuhakikisha. Binti yetu alikuwa anapiga domo njia nzima.

Karibu na kliniki, mwendesha baiskeli alichomoka ghafla kati ya magari yaliyoegeshwa. Msumari akakanyaga breki. Tairi zililia. Mikanda ikatubana vifua, gari likasimama hatua chache tu kutoka kwenye baiskeli.

Msumari alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili. Alishindwa kugeuka nyuma.

"Mama?" aliita.

Tukamsikia akivuta pumzi.

"Nipo, baba," mama alisema. "Nipo hapa hapa. Siendi popote."