Bando la Wanafunzi wa Jumamosi

Jengo la maduka ya simu lilifurika watu kama siafu. Mwalimu, ndani ya gauni la bluu lililomkaa barabara, aliitikisa simu yake kwa hasira.

"Dada, ukiitikisa hivyo itatapika," sauti ilisema nyuma yake.

Aligeuka. Alikuwa mhandisi wa mitandao, kijana mrefu, shati jeupe, macho yamejaa utani.

"Kila Jumamosi nafundisha hesabu mubashara kwa watoto viziwi," Mwalimu alimweleza. "Wakiwa wengi, video inakwama. Mikono yangu ikiganda, kwao nimenyamaza."

Utani ukamtoka Mhandisi. "Wote wanavuta video kutoka seva moja, ndiyo maana inaelemewa. Nitafanya simu iliyopata kipande cha video iirushie simu nyingine. Kadiri wanavyoongezeka, ndivyo watakavyosaidiana."

Na kweli, somo lilianza kutiririka kama maji. Mwalimu alimwona kijana yule kama mwanamume aliyeshushwa kutoka mbinguni. Simu zikawa haziishi.

"Mpenzi, umekula?" Mwalimu angeuliza.

"Nimeshiba sauti yako."

"Basi utalala njaa, maana naikata sasa!"

Kisha mzazi mmoja akampigia Mwalimu: bando la mwanawe lilikuwa linaisha kabla somo halijamalizika. Mwalimu alipochunguza na kugundua sababu, alimpigia Mhandisi.

"Kumbe simu za wanafunzi wangu zinatuma video kwa bando lao wenyewe? Uliwauliza?"

"Kipenzi, ni kidogo tu..."

"Kidogo kwako!" Akakata. Tangu hapo hakupokea simu yake, ingawa usiku mto ulilowa machozi.

Jumamosi moja alifungua somo, mama yake mzazi, kiziwi tangu utotoni, akiwa ameketi kando. Kabla ya video kuanza, ikatokea mikono ya Mhandisi ikiuliza kwa lugha ya alama: "Unakubali simu yako imsaidie mwenzako?" Chini yake maandishi yalisema wanaotumia bando watapokea tu, watakaorusha ni wenye waifai, tena wakikubali. Majibu ya ndiyo yalimiminika.

"Mikono kama anafukuza nzi," mama alisema kwa vidole, "lakini ameuliza kistaarabu."

Somo lilipokwisha, Mwalimu alimpigia. "Nani kakufundisha?"

"Mama yako. Nikikosea ananichapa vidole. Nisamehe, mpenzi. Nilipaswa kuuliza."

Mwalimu akamkodolea mama yake macho. Mama akajifanya anatazama dari.

"Uko wapi?"

"Mlangoni kwenu."

Alifungua. Mhandisi alikuwa kanyoosha shati, jasho likimtiririka. Aliinua mikono, akaanza: "Utakubali kuwa..." Alama iliyofuata ikampotea. Mama, nyuma ya binti yake, akamwonyesha haraka haraka.

Mwalimu hakumngoja amalize. Aliikamata mikono ile yote miwili.

"Ndiyo," alisema kwa sauti. Kisha akaiachia mikono ile kidogo, akageuka kumwambia mama yake "ndiyo" hiyo kwa vidole.